Magauni ya Mwaka wa Maziwa

Fundi wa nguo wa kiume, akiwa Mwislamu wa Isiolo, anayemwogopa Mungu na kidogo pia kaka za wateja wake, hamshiki mwanamke kiuno ati kwa sababu anampima. Nairobi labda wanafanya hivyo, na Nairobi wanafanya mengi. Isiolo ya miaka ya sabini, fundi alikaa upande huu wa pazia, mwanamke upande ule, na katikati pakawa na taabu. Mwanamke alileta gauni lake kuukuu ili fundi akisie, na gauni kuukuu, asikudanganye mtu, ni shahidi wa uongo: limefuliwa likarudi, limevutwa na mtoto wa mgongoni, limeazimwa na shemeji mnene.

Godana Jillo, ambaye cherehani yake ilikuwa kwenye baraza moja karibu na msikiti, aliteswa na mashahidi hao mpaka binti yake Dahabo alipojua kusoma nambari. Hapo akampa futi ya kupimia, ile laini ya kujikunja, akamwambia, "Ingia nyuma ya pazia. Pima bega, kifua, kiuno, nyonga, na urefu. Halafu uniambie."

Dahabo alikuwa na miaka kumi na sauti ya kuitia ngamia. Mteja wa kwanza alikuwa mke wa mzee mmoja mnunuzi wa ng'ombe, mama mwenye afya yake. Mtoto akapanda kiti, akamzungushia futi kama mtu anayejenga ua wa boma, kisha akatangaza nyonga za mke wa watu kwa sauti iliyofika kwa wauza miraa ng'ambo ya barabara. Taya zikasimama. Mwanamume mmoja akauliza kama hizo ni inchi au ni maili za kwenda Marsabit.

Tangu siku hiyo nambari zilinong'onwa. Dahabo alitoka nyuma ya pazia, akainama sikioni mwa baba yake, akataja bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, na Godana akaandika kwa chaki kwenye meza. Biashara ikapata miguu. Wanawake walikuja kutoka Merti na Garbatulla, wamekaa juu ya magunia ndani ya malori, kwa sababu walisikia kwamba Isiolo kuna fundi ambaye nguo zake hukaa mwilini na mkono wake haukugusi. Mtoto akajua siri za mji mzima. Alijua mimba kabla mume hajaambiwa. Alijua nani anakula na nani anasema anakula. Hakusema neno kwa mtu, na hiyo ndiyo iliyowafanya wanawake wampende, maana katika Isiolo kumpata mtu asiyesema ni kazi kama kumpata samaki kwenye kisima.

Mama yake, Mumina, hakukaa mjini. Alikaa na ng'ombe wa nyumba upande wa Garbatulla, kama wake wengi wa Waborana wenye mume dukani, akaja mjini wakati wa Idi na wakati wa ugonjwa. Akija, yeye ndiye aliyepimwa kwanza. Alisimama nyuma ya pazia mikono imeinuliwa, akimwambia binti yake, "Kaza. Usiniwekee nafasi kama gunia la mahindi."

"Ayo," akasema Dahabo, maana kwa Kiborana mama ni ayo na baba ni abo, "ukipumua itapasuka."

"Basi sitapumua. Nitapumua nikirudi kwa ng'ombe."

Huyo Dahabo alisoma. Watoto wengine wa baraza lile waliacha shule mmoja mmoja, yeye akaendelea mpaka akapelekwa shule ya bweni Meru, na mwisho wa mwaka wa themanini akaingia chuo kikuu. Mji ulifurahi kwa wiki nzima, mpaka ulipouliza anasomea nini.

"Nguo," akasema Godana. "Vitambaa, ukataji, na biashara yake. Namna ya kuuza."

Aliyekuwa karibu ni Mbaabu, Mmeru mmoja aliyeuza nguo akizibeba begani, akizunguka Isiolo, Meru na Maua, mtu wa maneno. Akaiangalia suruali yake mbele na nyuma.

"Mzee Godana, hii nilivaa bila cheti. Nimekosea?"

"Zipu umesahau," akasema Godana, akaendelea kushona.

Watu walicheka, lakini Dahabo alikuwa na jambo kichwani, na si jambo la mchezo. Madukani Nairobi aliona magauni yametundikwa, yamekwisha kushonwa, yana nambari shingoni. Mwanamke anaingia, anachukua nambari yake, anavaa, anatoka. Tatizo ni kwamba nambari zile zilipimwa kwenye miili ya wanawake wa Ulaya ambao hawajawahi kubeba mtungi wala kukamua ng'ombe. Bega lilibana, kiuno kikaning'inia, na mwanamke wa Isiolo aliyenunua gauni kama lile alirudi nalo kwa Godana kulikata upya. Dahabo akataka kuwapima wanawake wa kwao, atafute saizi zao wenyewe, ndogo, ya kati na kubwa, halafu afungue duka Isiolo ambako mwanamke hatahitaji fundi kumkisia wala pazia la kumficha. Baraza la baba yake liwe duka la kweli, lenye mlango na kioo. Alimwambia baba yake hivyo, na Godana, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kukataa kuona tundu la sindano, akaamini. Kutoka hapo nyumba nzima ikawa inangoja jambo hilo moja.

Mwaka wa themanini na mbili, mwezi wa nane, chuo kikafungwa baada ya yale mambo ya serikali kutaka kupinduliwa, wanafunzi wakarudishwa makwao, na kila wiki walitakiwa kwenda kwa chifu kuweka sahihi. Mji ukapata la kutafuna tamu kuliko miraa. Wengine walisema Dahabo amefukuzwa. Wengine walisema alikuwa na bunduki.

"Bunduki ya kushonea," akasema Regina Akal, mama wa Kiturkana aliyeuza makaa kando ya baraza, mtu ambaye ulimi wake ulikuwa mali ya umma. "Mwacheni mtoto. Akitaka kupindua mtu ataanza na nyinyi mnaolipa nguo nusu."

Dahabo hakukaa kulia. Mvua ya mwisho wa mwaka ule ilinyesha kama iliyoapa. Ewaso Nyiro ikafurika, malori ya Merti yakakwama ng'ambo, na ilipokauka barabara, nchi yote ilikuwa majani. Ndama walipotea ndani ya nyasi. Maziwa yaliletwa mjini mpaka wauzaji wakakosa wa kumwuzia. Wazee wanaukumbuka kama mwaka wa maziwa, na wanawake wa mwaka ule, wacha tuseme ukweli hata kama wake zetu wanasoma, waling'aa. Shingo zilikuwa na mikunjo. Bangili hazikutoka mkononi bila sabuni.

Katika mwaka huo ndipo Dahabo alipowapima. Aliwapima wa mjini na wa manyattani, Waborana, Waturkana, Wasomali, waliokuwa wakija sokoni na waliokuwa wakija kutibiwa. Alikwenda Garbatulla kwa lori akawapima huko, Mumina akimtangulia boma kwa boma na kuwaamuru wenzake waache aibu. Jioni Dahabo aliketi chini, akajumlisha, akagawanya, akitafuta mwanamke wa katikati ni wa namna gani. Alipompata, akacheka peke yake. Bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu: mwanamke wa katikati wa Isiolo nzima alikuwa mama yake mzazi, labda kwa tofauti ya upana wa ukucha.

"Ayo, wewe ndiye saizi ya kati."

"Hiyo ni nzuri ama ni mbaya?"

"Ni kwamba nikikata gauni likukae wewe, litawakaa wengi."

Mumina akafikiri. "Basi kata vizuri. Nisiaibishe watu."

Chuo kikafunguliwa tena mwaka uliofuata kuelekea mwisho, Dahabo akarudi kumaliza. Mhadhiri wake, mama mmoja mkali, alizipenda zile saizi za Isiolo, akamruhusu atumie mashine za chuo baada ya masomo, zile za umeme zinazokata na kuzungushia uzi kwa mara moja. Dahabo akaona nafasi. Akatuma neno nyumbani: leteni kitambaa, nishone huku, nirudi na duka zima kwenye magunia, tufungue kwa Idi ya kuchinja.

Godana akateremsha majora yote. Poplini, tetroni ya maua, hata ile nailoni ya buluu aliyokuwa ameificha kwa ajili ya harusi za matajiri. Rafu zikabaki na vumbi na alama za mahali majora yalipolala. Aliyeyapeleka ni Bule, mtu wa lori la ng'ombe, jamaa wa mbali wa nyumba hiyo, aliyepeleka mifugo Nairobi na kurudi na sukari.

Sasa kuna jambo la kueleza hapa kwa msomaji wa mbali ambaye kwao mtu akiulizwa hali anaanza kulalamika mgongo. Mborana akikutana na Mborana, huulizana amani, nagaa kwa lugha yao. Amani? Amani. Watoto amani? Amani. Mifugo amani? Amani. Hata kama ametoka kuzika, kwanza atasema amani. Salamu si mahali pa habari. Habari inakuja baadaye, mkishakaa, chai ikamiminwa, mtu mmoja akasema haya, tueleze. Hapo ndipo utaambiwa nani amekufa.

Dahabo aliyajua hayo tangu tumboni. Lakini alikuwa amekaa Nairobi, ana mitihani, ana mashine za kuazima mpaka saa fulani tu. Kila Bule alipofika, Dahabo alimkuta Eastleigh kando ya lori, injini bado ina moto.

"Nagaa, Bule?"

"Nagaa."

"Ayo nagaa? Mifugo nagaa?"

"Nagaa, nagaa." Bule akaegemea mlango wa lori. "Hapo mbele kuna hoteli ya chai."

"Siku nyingine, Bule. Mashine inaningoja. Salimia abo." Akabeba jora lake begani, akaondoka.

Bule alimtazama akienda. Mtu humwambii habari kwa mgongo. Na Godana naye alikuwa amemwonya: msichana ana mtihani, asipouliza usimsumbue. Kwa hiyo Bule aliteremsha ng'ombe wake, akapakia sukari, akarudi. Miezi ile alikuja mara kwa mara kuliko zamani, lori limejaa mpaka mbao zinalia, na nyuma yake malori mengine. Dahabo, ambaye siku hizo alikuwa anafundishwa habari za soko, alisema moyoni kwamba biashara ya Isiolo imechangamka, watu watakuwa na pesa za Idi. Hakupanda kuchungulia ndani ya lori. Ng'ombe waliokuwa mle walikuwa wamelala mmoja juu ya mwingine, na si kwa sababu ya usingizi.

Alirudi kwao mwezi wa nane wa themanini na nne, na magunia ya magauni juu ya basi. Aliposhuka mteremko kuelekea Isiolo na kuona nchi yote ina rangi ya majivu, mizoga imepangwa kando ya barabara kama kuni, alijua ni ukame. Alishuka, akaenda moja kwa moja barazani.

"Kwa nini hukuniambia, abo?"

"Ulikuwa na mtihani."

"Bule alisema nagaa."

Godana aliushika mkasi, akauweka. "Ulitaka aseme nini barabarani, umesimama? Ulikaa naye?"

Dahabo hakuwa amekaa naye, hata mara moja.

"Ayo yuko wapi?"

"Bado huko. Ameng'ang'ania na ng'ombe waliobaki. Nimemtuma Bule amlete kwa Idi."

Walitundika magauni. Wangefanya nini kingine? Kitambaa chote cha fundi kilikuwa kimekwisha kukatwa, hakuna jora la kurudia. Godana alikodi chumba nyuma ya baraza, akaweka fito ukutani, na ile rangi ya magauni ikajaa chumba mpaka watu wakasimama mlangoni kutazama. Mjini wanawake walipita wamejitanda mitandio kutoka kichwani mpaka mguuni, nyuso tu nje, na uso wa mtu unaweza kuusamehe ukasema ni uchovu. Dahabo akajipa moyo. Wa mjini hawategemei ng'ombe peke yake, akasema. Wa mjini wanakula.

Siku tatu kabla ya Idi akafungua mlango. Wa kwanza kuingia alikuwa Regina Akal, ambaye Idi haimhusu lakini gauni la maua lilimhusu.

"Nipe yangu. Ulinipima wewe mwenyewe. Kubwa."

Akaingia nyuma ya pazia. Alikawia. Kisha sauti yake ikatoka.

"Dahabo. Hii nguo tunaingia na nani?"

Wanawake waliokuwa wakingoja wakacheka. Regina akafungua pazia akatoka. Gauni lilikuwa limemteleza bega moja, kiuno kiko magotini, na mikono yake ikitoka ndani yake kama fito za hema. Makaa yenyewe hakuna tena aliyekuwa anayanunua, maana watu hawakuwa na cha kupika, na hakuna aliyekuwa amemwona Regina bila shuka tangu mwanzo wa mwaka. Kicheko kilikufa taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama taa za mtaa.

"Jaribu ya kati," akasema Dahabo.

Ya kati ilining'inia. Ndogo ilining'inia. Wakaingia wengine, kila mmoja akiamini shida ni ya Regina. Mke wa yule mzee mnunuzi wa ng'ombe, yule wa maili za Marsabit, aliingia, akatoka amevaa nguo zake mwenyewe, akalirudisha gauni kwenye fito kwa mikono miwili.

"Nitawapunguzia," akasema Dahabo. Alikuwa na pini mdomoni tayari. "Sasa hivi, hapa hapa. Simameni nipime upya. Itakuwa tayari kabla ya Idi."

Mwanamke yule akamshika mkono.

"Usipunguze, binti yangu."

"Ni kazi ndogo, mama. Ni mishono miwili ubavuni."

"Sikukatazi kwa sababu ya kazi. Huu si mwili wangu. Huu ni wa mwaka huu tu. Ukinishonea nguo ya kuukaa, umeukaribisha ukae."

Wengine wakaitikia kwa shingo. Hakuna aliyebisha. Hata Regina, ambaye Mungu wake ni wa kanisani na ambaye hubishana na kila kitu, alilivua gauni la maua polepole, akasema, "Niwekee. Mvua ikinyesha nitakuja nalo limenijaa."

Wakatoka. Dahabo alibaki na pini mdomoni katikati ya rangi zote zile. Mbaabu alipita mlangoni na furushi lake, akachungulia, akafungua mdomo kusema la kuchekesha, akaufunga. Mji mzima ulikuja kuzungumza kuhusu hilo, kwamba siku ile Mbaabu alikosa neno.

Mumina alifika jioni ya kabla ya Idi, ndani ya lori la Bule, amelala kwenye magunia. Bule alimteremsha kama anavyoteremshwa mtoto, kwa mkono mmoja. Ng'ombe wote walikuwa wamekwisha. Wa mwisho alimfia mikononi, akakaa naye siku nzima kabla ya kukubali kuondoka. Alikuwa na kikohozi kilichomkunja.

"Duka liko wapi?" akauliza, kabla ya maji.

Dahabo akamwingiza nyuma. Mumina akazunguka akigusa magauni, pindo moja baada ya lingine, akitazama mishono kwa karibu kama anayetafuta kupe. Akaitoa ile nailoni ya buluu.

"Hii ni ya kati?"

"Ya kati, ayo."

"Basi ni yangu. Nivishe."

Dahabo alimvisha. Alizivuta nguo za zamani juu ya kichwa cha mama yake, akaona kila ubavu, akaona mfupa wa bega ulivyotoka, na mikono yake iliyopima mji mzima ikakosa mahali pa kushika. Gauni lilishuka lote mpaka chini, likalala miguuni kwa mikunjo.

"Nipunguze, ayo. Kidogo tu. Utajikwaa."

"Wale wengine umewapunguzia?"

"Walikataa."

"Basi mimi nitakuwa wa kwanza kukubali? Mimi ndiye saizi." Akavuta pumzi, kikohozi kikamshika, akangoja kiishe. "Nipe kamba."

Akajifunga kiunoni na kamba ya gunia, akapandisha kitambaa juu yake. Asubuhi ya Idi alikwenda kuswali hivyo hivyo, buluu ikivuta vumbi, binti yake upande mmoja. Hakukuwa na kondoo wa kuchinja kwa nyumba nyingi. Wanawake walimtazama, wengine wakamshika nguo kwa vidole wakasema ni nzuri, Dahabo ameshona vizuri, na Mumina akawaambia bei. Alimwambia kila mtu bei. Hakuna aliyenunua.

Hakurudi Garbatulla tena. Alilala kwenye chumba kile kile cha magauni, maana ndicho kilikuwa na hewa, na alipolala aliamuru mapazia yafunguliwe watu waone nguo. Alimwuliza Dahabo kila jioni wangapi wameingia. Dahabo alisema wawili, watatu. Ilikuwa uongo, na mama alijua ni uongo, wakaendelea hivyo. Mahindi ya njano ya serikali yalikuja, akapikiwa uji wake, akameza kidogo, akasema una ladha ya gunia. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Nyambene wakati alipofariki.

Wanawake waliomwosha walimwambia Dahabo akate sanda, kwa sababu ni binti wa fundi na mikono yake imezoea. Wakamletea kitambaa cheupe. Wakangoja achukue futi. Dahabo akakikunjua, akakata bila kupima, na kilitosha.

Mvua ilikuja mwezi wa kumi, nzuri, ikaendelea. Lakini mvua haifufui ng'ombe, na Regina hakuja kulichukua gauni lake la maua mwaka ule, wala mwingine. Watu walinunua chumvi kwanza, na mbuzi wa kuanzia. Kodi ya chumba ikamshinda Godana. Ndipo Mbaabu akaja, akakaa kwenye kibao cha baraza kwa heshima ambayo haikuwa kawaida yake.

"Mzee, hizi nguo zitaliwa na mende. Nipe mimi nipande nazo Maua. Huko ndizi hazikukauka. Huko kuna wanawake wa kujaza."

Godana akamtazama binti yake. Dahabo akaitikia kwa kichwa. Zilifungwa kwenye magunia yale yale yaliyotoka Nairobi, zote isipokuwa ya buluu, na Mbaabu akapanda nazo mlima.

Hakukaa wiki mbili. Alirudi gunia tupu begani, akiita kutoka mbali, amekuwa Mbaabu tena.

"Fundi Godana, leo usinitukane zipu. Zimekwisha. Zile za kati zimegombaniwa, wanawake wawili nusura wanirarue. Wananiuliza huyu fundi alitupimia wapi. Nataka zingine. Za kati tu. Nimekuja na jora."

Dahabo hakumwamini. Akaomba kwenda naye kuona. Wakapanda kwenda Maua siku ya soko, na Mbaabu alitembea mbele akijivuna kama yeye ndiye aliyesoma chuo kikuu. Kati ya wauza ndizi Dahabo alisimama. Mbele yake mwanamke amempa mgongo, ameinama juu ya kikapu, amevaa tetroni ya kijani. Bega lilikuwa lile la ayo. Kiuno kiliingia mahali pale pale. Alipoinuka, kitambaa kilishuka nyongani kwa namna ambayo Dahabo aliifahamu tangu akiwa na miaka kumi, amesimama kwenye kiti. Akamfuata. Akampita mtu, akapita mwingine, mpaka mwanamke akageuka. Alikuwa msichana wa Kimeru, anatafuna muwa.

"Unanitafuta, dada?"

"Hapana. Naangalia gauni."

"Ni ya Mbaabu." Akajizungusha kidogo, ameridhika. "Ukiona ni kama ilikuwa inaningoja."

"Imekukaa," akasema Dahabo.

Walirudi Isiolo. Jora la Mbaabu lilikuwa mezani, poplini nyekundu. Zile karatasi za kukatia, za saizi ya kati, Dahabo alikuwa amezikunja na kuziweka chini ya godoro. Akazitoa, akazinyoosha juu ya kitambaa kwa kiganja, akaweka pini. Godana alisimama upande wa pili wa meza. Macho yake hayakuona mstari, lakini alijua ni karatasi gani.

"Tunaweza kubadilisha," akasema. "Ongeza inchi hapa kiunoni, punguza pale. Isiwe ile ile."

"Ukibadilisha haitawakaa, abo."

"Mbaabu hawezi kujua."

"Wao watajua."

Nje Regina alikuwa anamwuzia mtu makaa, wakibishana juu ya kipimo cha debe. Godana akashika ncha ya kitambaa kwa mikono yote miwili kisijisogeze, akageuza uso wake upande wa barabara. Dahabo akachukua mkasi, akaanzia begani, kama walivyomfundisha chuoni.